Ndiyo, Mwalimu

Nilikaa shuleni zaidi ya miaka thelathini, lakini jambo lililonifunza maana ya ridhaa lilitokea baharini, tena siku ambayo mimi nilikuwa nimeketi barazani kwangu.

Nilipostaafu nilinunua mashua ndogo, nikamkabidhi nahodha mmoja niliyemfundisha zamani, tangu darasa la nne. Yeye alivua, mimi nikapata fungu langu. Mwaka 2012 niliona kitabuni picha ya chombo cha starehe cha Kizungu. Kutoka kilele cha mlingoti wake waya wa chuma ulishuka moja kwa moja hadi tezi, ukiuzuia mlingoti usianguke mbele. Nikaitazama mashua yetu, nisione kitu cha namna hiyo.

Nikachukua karatasi na kalamu. Hesabu yenyewe si ngumu. Kamba ikifanya pembe ya nyuzi 30 na mlingoti, mvuto ndani yake ni mara 2 ya nguvu inayozuiwa; pembe ikiwa nyuzi 10 tu, mvuto hukaribia mara 6. Basi kamba ifungwe mbali na mlingoti, na mbali zaidi ni tezi. Nikamwagiza fundi afunge nyaya mbili, moja kila pembe ya tezi, azikaze. Kisha nikamwita nahodha, nikamchorea. "Unakubali?"

"Ndiyo, Mwalimu. Tutaona, inshallah."

Siku ya nne walikuwa wakirudi na upepo wa nyuma. Katika tanga letu la pembetatu, upepo ukiwa nyuma foromali huachiwa itoke nje ubavuni. Ilipotoka ikagota kwenye waya. Tanga likakwama, likachanika, na chombo kikageuka ubavu mbele ya mawimbi. Kamba iliyobana hukatwa kwa kisu mara moja. Waya haukatiki kwa kisu. Kijana aliyekuwa akikumba maji alitupwa baharini. Walimpata akiwa amekunywa maji mengi. Alipona, namshukuru Mungu.

Jioni nilimwuliza nahodha kama alijua. "Nilijua, Mwalimu." Akanieleza kwamba kamba za mlingoti hulegezwa upande mmoja na kukazwa ule unakotoka upepo, kila tanga linapogeuzwa. Na kamba niliyodhani haipo ilikuwapo: jarari, inayopandisha tanga, ikishafungwa nyuma ndiyo inayoushika mlingoti.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia tutaona."

Msomaji, nimelipima neno hilo kwa miaka mingi. Mwanzoni nilijitetea. Nilisema huyu ni mtu mzima, aliulizwa, akakubali kwa kinywa chake; lawama tugawane. Nikakumbuka na methali, kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini mashua ile ilikuwa na nahodha mmoja tu, naye hakuwa mimi.

Utetezi wangu una kasoro moja. Ridhaa ni ya kweli pale tu ambapo kukataa kunawezekana bila hasara. Chombo kilikuwa changu, mkate wake ulitoka humo, na mimi ndiye niliyemshika mkono akajifunza kuandika jina lake. Angekataa kwa maneno gani? Kwetu mtoto hamwambii mzazi wala mwalimu wake "umekosea". Husema "tutaona", na mwenye masikio husikia. Mimi nilisikia "ndiyo" kwa sababu ndiyo niliyoitaka.

Je, heshima basi ni kitu kibaya? Sisemi hivyo. Wahenga walisema heshima si utumwa, na mji usio na heshima haukaliki. Ninachosema ni kwamba heshima ina mzigo, na mzigo huo ni wa anayeheshimiwa. Yeye ndiye mwenye nguvu ya kuufungua mlango, kwa hiyo ni wajibu wake kuufungua. Nisingemwuliza, "Unakubali?" Ningemwuliza, "Upepo ukiwa nyuma, waya huu utafanya nini?" Swali la kwanza linaomba utii, la pili linaomba ujuzi wake, na mtu anaweza kulijibu bila kumvunjia mkubwa heshima.

Nyaya tuliziondoa kesho yake. Nahodha aliomba kitu kimoja tu, kamba nene zaidi ya kukazia upande wa upepo, na hiyo nilinunua bila kuchora chochote.

Kinachonisumbua ni kingine. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kumaliza somo kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Nimeliuliza swali hilo mbele ya watoto na mbele ya walimu wenzangu mara zisizo na idadi, na kila mara nilijibiwa, "Ndiyo, Mwalimu." Nikaandika kwenye daftari langu kwamba somo limeeleweka, au kwamba kikao kimeafiki. Sasa najiuliza ni wangapi waliokuwa wakiniambia, kwa adabu, tutaona.