Kiasi cha Kutosha

Je, mtu aliyejibu swali kwa ukweli mtupu anaweza kuwa amedanganya? Swali hili nilikutana nalo mezani, katika mchezo wa karata, na sijalimaliza hadi leo.

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Uliasisiwa na Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, ukatolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Msomaji asidhani nazungumzia kopa na shupaza. Hapa kila mchezaji huja na karata zake mwenyewe, alizonunua au kubadilishana na wenzake, nazo ni viumbe, ardhi, zana na uchawi. Kila mmoja huanza na uhai wa pointi 20, na anayefikishwa sifuri ameshindwa. Kiumbe ana tarakimu mbili: nguvu ya kupiga, na kiasi cha mapigo anachoweza kuhimili. Juu ya hapo baadhi yao wana vipaji, na utamu wote wa mchezo, pamoja na ugomvi wake, umo katika namna vipaji hivyo vinavyokutana.

Nichukue viwili tu. Cha kwanza ni ukanyagaji. Kwa kawaida kiumbe anayeshambulia akizuiwa, mapigo yake yote humwishia aliyemzuia, hata kama mzuiaji ni panya. Mkanyagaji hakubali hivyo: akishampa kila mzuiaji kiasi cha kutosha kumwua, mapigo yanayobaki humwangukia mchezaji mwenyewe. Cha pili ni mguso wa mauti: pigo lolote, hata la pointi 1, humwua kiumbe aliyepigwa. Kila kipaji peke yake kinaeleweka na mtoto mdogo. Sasa viweke vyote viwili katika mnyama mmoja. Kanuni moja inasema: mpe mzuiaji kiasi cha kutosha kumwua. Nyingine inasema: kiasi cha kutosha ni 1. Basi mnyama huyo humgusa kila mzuiaji kwa pointi moja, na mengine yote hupita. Karata yenyewe haikuandikwa jambo hilo. Limezaliwa katikati ya maneno mawili, kama vile ugomvi wa mirathi unavyozaliwa katikati ya vifungu viwili vya wosia ambavyo kila kimoja ni safi.

Majira ya baridi ya mwaka 2018 nilikaa kwa dada yangu huko Minnesota, Marekani. Theluji ilitufungia ndani, na mpwa wangu, kijana wa miaka 13, akaamua kunifundisha mchezo wake. Alinifundisha kwa subira kubwa. Nikikosea alinirudishia karata mkononi na kusema, "Mjomba, fikiria tena." Mimi usiku, bila kumwambia, nilisoma kanuni. Kitabu chake kamili kina kurasa zaidi ya 200, na nakiri kwamba nilikifurahia kuliko mchezo wenyewe.

Siku ya nne nilikuwa na Colossal Dreadmaw, dubwana la kijani lenye nguvu 6 na ukanyagaji. Nikalivisha Basilisk Collar, zana inayompa mvaaji mguso wa mauti (na kumwongezea mwenyewe uhai kila apigapo). Mpwa wangu alibakiwa na uhai wa pointi 3 na viumbe vinne. Nikashambulia. Akazisoma karata zote mbili kwa sauti, akahesabu kwa vidole, kisha akaniuliza, "Mjomba, nguvu zake ni sita tu, sivyo?"

"Ndiyo, mjomba," nikamjibu. "Sita."

Akazuia kwa viumbe vitatu ambavyo kwa pamoja viliweza kuhimili mapigo 13. Cha nne, kidogo, akakiacha nyuma ili kimsaidie zamu ifuatayo. Nikatoa moja, moja, na moja, na tatu zilizobaki nikampa yeye. Mchezo ukaisha. Lau angejua, angeliingiza na lile dogo la nne. Zingepita pointi 2, naye angebaki na uhai wa pointi 1 na zamu yake mkononi.

Hakulia wala hakubisha. Alikichukua kitabu, akakitazama kifungu nilichomwonyesha, akauliza, "Ulikuwa unajua nilipokuuliza?" Nikasema ndiyo. Akakusanya karata zake.

Sasa tuhukumu. Wakili wangu angesema kwamba mchezo wowote ni kuficha. Mcheza bao hamtangazii mwenzake kete zitaishia shimo gani. Tena katika mashindano rasmi ya mchezo huu ziko taarifa ambazo ni lazima umpe mpinzani akiuliza, na ziko nyingine ambazo ni haramu kuzisemea uongo, lakini hulazimiki kumsaidia kuzipata. Mimi niliulizwa idadi, nikataja idadi. Uongo uko wapi?

Hoja hiyo inanitosheleza nusu tu. Karata iliyomo mkononi mwangu imefichwa kwa makubaliano: mwenzangu anajua kwamba kuna kitu asichokiona, na hujihadhari nacho. Lakini mtu asiyejua kanuni hajui hata kwamba kuna kitu cha kuuliza. Swali la mpwa wangu halikuwa la idadi. Alikuwa akiuliza, "Je, nikizuia hivi nitapona?" Nami nililijua swali hilo vizuri kuliko nililolijibu.

Wala siwezi kujificha nyuma ya sheria, kwa kuwa sheria za mchezo huu hubadilika. Tangu mwaka 1999 hadi Julai 2009, kiumbe aliweza kutoa pigo lake, kisha akatolewa kafara au akarudishwa mkononi kabla pigo halijatua, na pigo likatua vilevile. Mwaka 2009 mlango huo ukafungwa. Ikiwa haki ni kanuni peke yake, basi haki yenyewe ilibadilika katikati ya mwaka kwa tangazo la kampuni. Na sidhani kama kuna mchezaji aliyehisi kwamba dhamiri yake imebadilika siku ile.

Kuna kifungu kimoja kinachonisumbua kuliko vyote. Kiumbe mwenye kinga dhidi ya rangi ya kijani akimzuia mkanyagaji wa kijani, mapigo hayamdhuru hata kidogo. Hata hivyo mshambuliaji analazimika kumtengea kiasi chake kamili kabla ya kupitisha yanayobaki. Kanuni haiulizi ni kipi kilichofika; inauliza ni kipi kilichotengwa. Kwa karata, huo ni utaratibu mzuri. Nami nilimtendea mpwa wangu vivyo hivyo: nilimtengea ukweli wake, nikauhesabu kuwa umelipwa, huku nikijua kwamba hautamfikia. Nikampa tone moja, kwa sababu kanuni ilisema tone moja linatosha.

Dada yangu nilipomsimulia alicheka, akasema ni karata tu, na kwamba mtoto lazima ajifunze dunia. Huenda. Lakini aliyekuwa akifundisha mezani pale ni mtoto, na mwanafunzi nilikuwa mimi.

Tulicheza tena kabla sijaondoka. Alikuwa mchangamfu kama kawaida, ila hakunirudishia tena karata mkononi nilipokosea. Na kila nilipomshambulia alikuwa na maswali mawili badala ya moja: kwanza nguvu ni ngapi, kisha, akinitazama usoni, "Kuna kingine?"