Uzi wa Saba

Kijana wa Zombe, huko Kitui, ambaye gitaa lake la nyuzi sita limekwisha kumpatia riziki katika arusi na mikesha, akiwaza kulibadili kwa gitaa la umeme lenye nyuzi saba, hana budi kwanza kuiuliza nafsi yake: hii ni haja, au ni tamaa iliyovaa kanzu ya haja?

Yasimuliwa kwamba Ziryab, fundi wa muziki aliyehama Baghdad akafia Cordoba mwaka 857, aliongeza uzi wa tano katika ala ya udi, ambao nyuzi zake nne zilifananishwa na tabia nne za mwili, ili huo wa tano uwe roho. Wala sidhani aliuongeza kabla ya kuzijua barabara zile nne.

Uzi wa saba, kwa desturi, huzidisha sauti nene chini, mahali ambapo katika muziki wa benga wa akina Kakai Kilonzo zamu ni ya besi, hali gitaa la solo hulilia juu. Wapiga gitaa wa Kongo nao, mabingwa bila shaka, wengine hawakuongeza kitu: walibadili uzi wa nne tu, wakauweka mwembamba.

Basi mpiga benga na akinai na sita. Bali asikiaye moyoni mlio usiopatikana humo, na anunue, wala asione haya.