Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 19: Sheikh, Mikono Kwanza



Jana baada ya Tarawehe dada mmoja, muuguzi, alinitumia swali. Wodini kwao wamewekewa chupa za sanitaiza, na wiki hii wanapewa mafunzo ya kunawa mikono. Yeye amefunga, na ile dawa ina alkoholi. Je, saumu yake ipo? Na akiingia kuswali?

Jibu ni fupi. Kinachopakwa juu ya ngozi hakifunguzi. Na kuhusu alkoholi, wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita walipokutana Makka Januari 2002 waliruhusu itumike kwa nje, kusafishia jeraha na kuulia vijidudu. Basi dada, paka, ikauke, fanya kazi yako, na sala yako uswali bila wasiwasi.

Lakini lile neno "mafunzo" lilinikalia kichwani hadi daku. Mtu mzima, amesomea, anavijua vijidudu kuliko mimi na wewe, anafundishwa nini tena kuhusu kunawa mikono? Hapo ndipo nataka tukae leo, maana na mimi jambo hili linanihusu.

Wengi wenu mmeuguza, mnaujua mpira wa mkojo. Mgonjwa asiyeweza kukojoa mwenyewe, au aliyetoka operesheni, huingiziwa mpira mwembamba mpaka kwenye kibofu, na mkojo ukateremka kwenye mfuko unaoning'inia ubavuni mwa kitanda. Mwenyezi Mungu ameiumba njia ile na ulinzi wake, mkojo wenyewe ukishuka unaisafisha. Mpira ukishakaa, ulinzi ule umepungua. Vijidudu hupanda nao, kwa nje au kwa ndani kutokea mfukoni, vikajishikiza na kujijengea utando ambao dawa haiupenyi kirahisi. Kila siku mpira unapozidi kukaa, hatari inazidi. Na wakati mwingine vijidudu vile vimeletwa na mkono, uliotoka kitanda cha jirani, au uliotoka mlangoni kusalimiana na watu. Maambukizi yakifika kwenye figo na kwenye damu, mgonjwa aliyelazwa kwa mguu uliovunjika anaweza kufa kwa UTI.

Sasa nieleze langu. Miaka michache nyuma nilikwenda kumzuru mzee wetu mmoja hospitali. Mfuko wake ulikuwa unaning'inia, umejaa, kila mpita njia anauona. Nikamwonea haya, mzee mwenye heshima zake. Nikauinua ule mfuko, nikauweka kitandani pembeni yake, nikaufunika kwa shuka. Kisha nikamshika mkono nikamsomea dua. Hapo nilikuwa nimeshapeana mikono na wodi nzima. Muuguzi alikuwa amesimama palepale, binti wa umri wa mwanangu. Akanitazama, akainamisha macho, hakusema kitu.

Siku mbili baadaye mzee akapandwa na homa. Alikaa siku kumi zaidi ya alizopangiwa. Alirudi nyumbani, alhamdulillah, lakini nguvu zake za mwanzo hakurudi nazo.

Mimi sikujua lolote mpaka nilipoalikwa kufungua kwa dua mafunzo kama haya ya dada yetu. Nikabaki kusikiliza. Mkufunzi akasema mfuko wa mkojo usipandishwe juu ya usawa wa kibofu, kwa sababu mkojo uliokwisha toka unarudi ndani pamoja na vijidudu vyake. Jamani, nilikufa ganzi pale kwenye kiti.

Je, ni mimi niliyemtia homa yule mzee? Sijui, na hakuna atakayejua. Ndipo nikakumbuka mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba anayeamka usingizini asitie mkono chomboni mpaka auoshe mara tatu, na sababu aliyoitoa ni kuwa mtu hajui mkono wake umelala wapi. Hakusema ule mkono ni mchafu. Kutojua tu kunatosha kumlazimisha mtu aoshe. Nimeisomesha hadithi hii chuoni miaka mingi, yaani nilikuwa naisomesha kama mlango wa tohara na kupita.

Najua utetezi wetu: nia ilikuwa njema, na amali huhesabiwa kwa nia. Ni kweli, na kwa dhambi natumaini msamaha. Lakini sheria yetu hiyohiyo inasema aliyeua kwa bahati mbaya hana dhambi ya muuaji, na bado diya hulipwa na kafara inamlazimu. Na anayetibu watu bila kuujua utabibu, Mtume (S.A.W.) amembebesha dhamana ya madhara yake. Kwa hiyo nia ina hesabu yake, na madhara yana hesabu yake nyingine.

Madaktari wa Vienna kule Austria walikuwa na nia njema pia. Mwaka 1846, katika wodi ya uzazi waliyoihudumia madaktari na wanafunzi wao, walikufa zaidi ya wazazi 11 katika kila 100. Wodi ya jirani, iliyokuwa ya wakunga, hawakufika 3. Daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, akagundua kwamba wenzake wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Mwaka 1847 akawalazimisha kuosha mikono kwa maji ya klorini. Mwaka uliofuata vifo katika wodi ile vilishuka hadi 1 na kidogo katika 100. Mngetaraji wamshukuru. Wengi walikasirika: vipi mkono wa daktari, mtu wa heshima, uitwe mchafu? Alikufa mwaka 1865 akiwa amefungiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili.

Turudi kwenye mafunzo yetu. Mkufunzi alitupaka mafuta yanayong'aa chini ya taa maalumu, akatuambia tunawe kama kawaida yetu, kisha tuweke mikono chini ya taa. Mimi ninayetawadha tangu utotoni, ninayewafundisha watoto kupitisha maji baina ya vidole, kidole gumba changu cha kulia kiling'aa kama mbalamwezi. Wauguzi walicheka, nami nikacheka. Mmoja akasema kwa utani, "Sheikh ana udhu lakini." Utani ule una elimu ndani yake. Ukishika mfuko wa mkojo udhu wako hautenguki, ila mkono umechafuka, na mgonjwa anayefuata hasaidiwi na udhu wako. Wala glavu hazitoshi peke yake, unanawa kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua. Sanitaiza isuguliwe sekunde 20 hadi 30, na kunawa kwa sabuni kuchukue 40 hadi 60, kabla ya kumgusa mgonjwa na baada, na hata ukigusa kitanda chake tu. Na pale ambapo bomba limekauka na nesi mmoja ana wagonjwa wodi nzima, tusimtwishe yeye peke yake lawama.

Lakini ukiniuliza mafunzo yanafundisha nini hasa, nitakwambia si sabuni. Mwaka 2001 Daktari Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika orodha fupi ya kufuata wakati wa kumwekea mgonjwa mahututi mpira mwingine, ule wa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Kunawa mikono kumo. Hakukuwa na jipya ndani yake, kila daktari aliyajua yote. Jipya lilikuwa kwamba wauguzi walipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari akiruka hatua. Walipoipeleka katika wodi za mahututi zaidi ya 100 za jimbo la Michigan, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa kiasi cha theluthi mbili.

Sasa sisi jambo hili si geni kwetu. Siku moja Mtume (S.A.W.) alitoa salamu baada ya rakaa mbili katika sala ya rakaa nne. Abubakar na Umar walikuwemo msikitini, na riwaya inasema walimstahi kumsemesha. Aliyesimama kuuliza ni mtu aliyeitwa Dhul-Yadayn, mwenye mikono miwili, kwa vile mikono yake ilikuwa mirefu. Akauliza, sala imepunguzwa au umesahau? Mtume (S.A.W.) hakumwambia ajue nafasi yake. Aliwauliza waliopo, wakathibitisha, akakamilisha sala na akasujudu sijda ya kusahau.

Na mpaka leo nikikosea rakaa, mtu yeyote nyuma yangu anasema Subhanallah na mimi narudi. Hakuna anayeona nimevunjiwa heshima. Wodini kwa nini iwe aibu? Yule binti alininyamazia kwa adabu aliyofundishwa na watu kama mimi.

Nilimtafuta. Ilichukua muda, alikuwa amehamishiwa wodi nyingine. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Sheikh, niliogopa kukuaibisha mbele za watu." Nikamwambia siku nyingine aniaibishe.

Mwezi wa Shaabani tulikwenda tena kuzuru wagonjwa, mimi na wazee watatu wa hapa msikitini. Nimefika tu kitandani, sijanyoosha hata mkono, nasikia nyuma yangu, "Sheikh, mikono kwanza." Wazee wangu wakakunja nyuso. Nikaenda kwenye beseni, na safari hii nikaanzia kidole gumba.

Wassalaam alaykum warahmatullah.