Mwaka Mmoja na Samadi

Somo: Luka 13:6-9



Mfano huu wa mtini tumezoea kuuhubiri kwa kuutazama mti: una matunda au hauna? Leo nawaomba tutazame chini yake. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta tini asipate, akaamuru mti ukatwe. Mtunzaji wa shamba hakuutetea mti kwa maneno mengi. Aliomba mwaka mmoja zaidi, ili auchimbie pembeni na kuutilia samadi. Naona hapo mtu anayejua kwamba kabla ya kuuhukumu mti, lazima udongo upewe haki yake.

Hii ni miezi ya kuandaa mashamba, na kila jioni moshi unaonekana pande zote. Mabua yamekusanywa, majani yamefyekwa, moto umewashwa, na asubuhi shamba linaonekana safi. Ndugu zangu, moshi ule ulikuwa chakula cha udongo. Mmea unapokua huvuta hewa ukaa na kuigeuza kuwa shina, jani na mzizi; humo ndimo kaboni ilimo. Mabua yakiozea shambani, vijidudu huyala, na kwa kuyala huirudisha hewani sehemu kubwa ya kaboni hiyo. Sehemu nyingine hubaki ardhini, ikashikamana na chembe za udongo. Hiyo ndiyo inayoupa udongo weusi wake, inayoufanya unywe mvua na kuitunza, na inayoishika mbolea isisombwe na maji. Tukichoma, karibu kaboni yote ya mabua inapanda juu kwa siku moja. Majivu huacha madini kiasi, ndiyo maana msimu wa kwanza mazao huweza kustawi na mtu akasadiki kwamba moto ni mbolea. Misimu inayofuata humwambia ukweli.

Wataalamu wanakadiria kwamba udongo wa dunia, kina cha mita moja tu, umebeba kaboni nyingi kuliko ile iliyo angani na ile ya mimea yote zikijumlishwa. Hazina kubwa namna hiyo imewekwa chini ya miguu yetu, na sehemu yake iko mikononi mwa mama mwenye ekari moja na jembe.

Wapo waliolielewa jambo hili zamani sana. Katika karne ya 19 Wamatengo wa Mbinga, kule Ruvuma, walisukumwa na vita vya Wangoni wakasongamana milimani, mahali penye miteremko mikali na nafasi ndogo. Udongo wa mteremko ukilimwa ovyo, mvua chache zinatosha kuupeleka wote mtoni. Wao wakalima kwa ngolo, na wanalima hivyo hata leo. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hufyekwa na kuachwa yakauke, kisha hulazwa kwa mistari inayokatana, mpaka mlima unaonekana umetandikwa wavu. Katikati ya kila mraba udongo huchimbwa na kutupwa juu ya yale majani hadi yafunikwe kabisa. Panabaki shimo katikati na matuta pande nne. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mvua inaponyesha, kila shimo linayadaka maji pamoja na udongo uliotaka kuteremka, na ndani ya tuta majani yanaoza taratibu, yakiulisha mzizi ulio juu yake.

Majani yale yale ambayo sisi tunayatia kiberiti, wao wanayazika. Ni kazi nzito, na sehemu kubwa ya kuchimba na kufunika iko mgongoni mwa akina mama; tukiwasifu Wamatengo tusiusahau mgongo huo. Wala siwaambii nyote mkachimbe ngolo. Kwenye tambarare inatosha kuyaacha mabua yatandae juu ya ardhi. Na anayewalisha ng'ombe mabua hajakosea, mradi samadi irudi kwenye shamba lile lile.

Wengi mmeniuliza kuhusu biashara ya hewa ukaa, yaani mkulima kulipwa kwa kaboni anayoitunza shambani mwake. Ni kitu cha kweli. Magharibi mwa Kenya, mradi wa wakulima wadogo ulioendeshwa na shirika la Vi Agroforestry ulipata hati za kaboni ya udongo mwaka 2014, na Benki ya Dunia ilikuwa mnunuzi. Lakini fedha ikigawanywa kwa maelfu ya wakulima, kila mmoja hupata kidogo. Faida waliyoishika mkononi ilikuwa mavuno. Akija mtu na mkataba, usome wote, uulize unakufunga miaka mingapi, na usitie sahihi siku hiyo hiyo.

Linalonisumbua zaidi ni kukodisha mashamba. Kaboni huingia ardhini polepole, mwaka juu ya mwaka. Mtu aliyekodi ekari kwa msimu mmoja hawezi kubeba samadi kichwani kwa ajili ya mavuno ya mpangaji atakayemfuata. Atachoma, atavuna, ataondoka, nasi tutamwita mharibifu. Someni Walawi 25 nyumbani: agizo la kuipumzisha ardhi mwaka wa saba na agizo la kumrudishia aliyepoteza ardhi yake yako katika sura moja. Mungu hakuutenganisha udongo na haki ya mtu anayeulima. Na sisi kanisa, mashamba yetu tumekuwa tukiyakodisha kwa msimu, kwa anayelipa zaidi.

Nimewaomba wazee wa usharika tubadilishe utaratibu huo. Mashamba ya kanisa yakodishwe kwa miaka mitano, kodi ipunguzwe kwa mpangaji asiyechoma mabua na anayerudisha samadi, na makubaliano yaandikwe ili asiondolewe shamba litakapoanza kunawiri. Nanyi wenye mashamba yenu, nawaomba mzungumze na wapangaji wenu mapema, mabua yangali yamesimama.