Tupime kutoka wapi?



Vijana wengi wa makundi yetu ya gitaa wanapenda kujitengenezea chombo wao wenyewe, kwa sababu gitaa la umeme la dukani ni la bei kali. Kazi hiyo ni njema. Mwili wa gitaa si shida kubwa: ni ubao mnene, na hata ukikatwa vibaya kidogo, gitaa litalia. Lakini shingo haisamehi. Hapo ndipo mwanafunzi wa kazi anajulikana, na hapo tunaona swali linalotuhusu sisi wote, hata wasiopiga gitaa.

Kwanza, mti. Mbao mbichi hupinda. Nyuzi sita zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45, mchana na usiku. Kwa hiyo fundi huchagua mti mgumu uliokauka vizuri, kama mulombwa, na hutia ndani yake fimbo ya chuma ili shingo isipinde.

Pili, vipimo. Juu ya shingo hupigwa vyuma vidogo vinavyoikatiza, na kila kimoja kina mahali pake. Tuseme uzi una urefu wa milimetri 648, tangu kipande cha mfupa unapoanzia mpaka kitegemeo cha chini. Gawanya 648 kwa 17,817: chuma cha kwanza kitakaa milimetri 36,4 toka kwenye mfupa. Urefu uliobaki hugawanywa tena kwa hesabu ile ile, na kuendelea hivyo. Chuma cha 12 lazima kianguke katikati kabisa, kwenye milimetri 324.

Sasa sikilizeni. Mwanafunzi hupenda kupima kila chuma kutoka chuma kilichotangulia. Akipunguza nusu milimetri tu kila mara, hakuna anayeiona kwa macho. Lakini akifika chuma cha 12 amepungukiwa milimetri 6, na gitaa halitapatana na kwaya, hata nyuzi zikikazwa namna gani. Fundi mzoefu huandika hesabu zote kwanza, kisha hupima kila chuma kutoka mfupa wa mwanzo. Naye aweza kukosa nusu milimetri, maana ni mtu. Lakini kosa lake hubaki pale pale, halizai lingine.

Je, sisi twajipima kutoka wapi? Wengi hujipima kwa jirani: "Papa fulani anakunywa kidogo, nami nitakunywa kidogo." Kesho mtoto atajipima kwetu. Kila mmoja amepunguza kidogo tu kuliko aliyemtangulia, wala hakuna aliyetenda dhambi kubwa machoni pa watu. Lakini siku moja paroki nzima inaimba sauti nyingine.

Wengine watajibu kwamba Mungu hutazama moyo, si milimetri. Ni kweli, Samweli alifundishwa hilo nyumbani mwa Yese. Lakini moyo unaompenda Mungu hauogopi kupimwa. Katika Kutoka 31, Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu, na tunda lake likawa ustadi wa kuchonga mawe na mbao. Roho hakumwondolea vipimo. Ndiyo maana Kanisa letu halina neno moja, lina matatu: Upendo, Amri, Kazi. Upendo pasipo Amri ni gitaa lenye rangi nzuri na vyuma vilivyokaa ovyo.

Papa Simon Kimbangu alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwaka ule ule alifungwa, akapelekwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Kama angejipima kwa siku ya jana, angeweza kulegea kidogo kila mwaka. Alijipima kutoka mwanzo.

Na kijana akileta shingo iliyokosewa, tufanye nini? Tusimpigie makofi ili tumfurahishe, wala tusimcheke. Tumwambie ukweli kwa upole: ang'oe vyuma, azibe mifereji kwa vipande vya mbao na gundi, apime upya kutoka kwenye mfupa. Shingo haitupwi. Kutubu ndiko huko.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu atusaidie. Amina.