Kurudi kwa Farasi Ukubwani

Mwaka 1936 Beryl Markham alirusha ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, Kanada, kwa zaidi ya saa 20, na magazeti yakamtangaza duniani kote kuwa rubani. Watu wa farasi nchini Kenya walishamjua zamani. Alikulia Njoro, shambani kwa baba yake aliyefundisha farasi wa mbio, na alipofika miaka 18 hivi, baba amefilisika na kuhamia Peru, binti akapata leseni ya kazi ileile. Baadaye akaiacha kwa ajili ya ndege. Akahamia Marekani, na mwaka 1942 akatoa kitabu cha maisha yake.

Alirudi Kenya akikaribia miaka 50, akaanza tena kufundisha farasi. Kinachovutia ni kwamba awamu hii ya pili ndiyo iliyomjengea jina kama mkufunzi: farasi wake walishinda mbio za Dabi ya Kenya mara 6.

Wengi wanaotamani kurudi kwa farasi baada ya kulea watoto, au baada ya miaka ya kukaa ofisini, huwaza tandiko kwanza. Hofu yao inaeleweka. Mapaja yamelegea, mgongo umekuwa mzito, na aliyeanguka akiwa na miaka 15 akainuka akicheka hataki kabisa kuanguka akiwa na 45. Ujoki ndio usiseme, maana unadai uzito wa kilo 50 na ushei tu.

Lakini kupanda ni sehemu ndogo ya ajira ya farasi. Farasi wa mbio ana karibu kilo 500. Kwa siku anahitaji takriban kilo 10 za majani makavu na lita 30 au zaidi za maji, na kuna mtu lazima abebe ndoo hizo. Kuna kutoa samadi, kuchokoa uchafu kwenye kwato, kupigilia viatu, kusimamia chakula cha jike mwenye mimba. Barani Afrika kuna pia tauni ya farasi inayoenezwa na usubi, hivyo jioni, kabla wadudu hao hawajatoka, farasi lazima wawe wameingizwa bandani. Asiyeweza kufika kwa wakati hafai, hata awe mpandaji hodari namna gani.

Mtazame mkufunzi asubuhi, kabla farasi hajatolewa nje. Anainama, anapitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kutoka gotini kushuka hadi kifundoni, taratibu, kisha anafanya vivyo hivyo mguu wa pili. Anatafuta joto. Kano ikiwa na joto kuliko ya upande wa pili, farasi hakimbii siku hiyo, mwenye mali anune asinune. Ujuzi huo umo kiganjani, na miaka ya kukaa mbali haiufuti kama inavyofuta nguvu za mapaja.

Hata hivyo, Markham si kipimo cha haki kwa kila mtu. Alikuwa binti wa mlowezi, na jina la baba lilimtangulia kila mlango aliobisha. Nyuma ya farasi wake walikuwapo masaisi Waafrika waliolisha, kusugua na kutembeza. Ratiba za mbio huchapisha jina la mmiliki, la mkufunzi na la joki. Saisi hana safu yake, ingawa ndiye anayekuwa wa kwanza kuona kwamba farasi kaacha chakula usiku.

Ndiyo maana anayeanza upya leo, bila jina la baba, afadhali aingie kupitia bandani na masikio wazi, akubali kuelekezwa na saisi mwenye umri wa mwanawe. Na kabla hajashika ndoo, amuulize mwajiri maswali mawili ambayo vijana huona haya kuyauliza: zamu ya Jumapili inalipwaje, na farasi akimvunja mkono, hospitali analipa nani?