Baiskeli ya Wenye Mshahara

Tangu 1999, Uingereza ina mpango huu: mwajiri anakununulia baiskeli ya kuendea kazini, kisha anakata bei yake kidogo kidogo kwenye mshahara kabla haujatozwa kodi. Wazo poa. Lakini hebu lilete Garsen.

Mwalimu au karani wa kaunti angefaidi, maana analipa PAYE. Je, kibarua anayeamka alfajiri kwenda kulima shamba la watu kando ya Mto Tana? Kenya, anayepata chini ya shilingi 24,000 kwa mwezi halipi PAYE. Huwezi kusamehewa kodi usiyodaiwa, kwa hivyo punguzo lake ni sufuri. Ilhali kila akinunua sabuni, VAT ya asilimia 16 imo ndani, na hakuna anayemuuliza.

Utasema, si heri mmoja asaidike? Sawa, lakini kodi aliyosamehewa mwalimu ingetengeneza barabara ya wote. Msaada unaoanzia kwenye karatasi ya mshahara haumwoni asiye nayo. Ukitaka watu waendeshe baiskeli, shusha bei dukani. Pale, mwalimu na kibarua wanapanga foleni moja.